Barua ya wazi kwa Square Enix: wahusika wadogo wa Final Fantasy wanastahili zaidi ya hapo

Kwa: Uongozi wa Square Enix, pamoja na watayarishaji, wakurugenzi na waandishi wa michezo ya video ya Final Fantasy

Yah: Wahusika mliowaacha njiani

Salaam.

Ninawaandikia kumtetea Freya Crescent. Wapo wengine nitakaowataja, Beatrix, Jenerali Leo, Ravus, lakini naanza na Freya kwa sababu sikumbuki mhusika mwingine mliyemjenga vizuri namna ile kisha mkamtelekeza mapema namna ile.

Mnamfahamu. Final Fantasy IX, mwaka 2000. Mwanamke wa Burmecia, nchi ya mvua isiyokatika, hodari wa mkuki, aliyeondoka kwao kwenda kumtafuta mpenzi wake Sir Fratley. Anaporudi anakuta mji umegeuka magofu na maiti. Anakimbilia Cleyra, makazi yaliyojificha nyuma ya dhoruba ya mchanga, na huko ndiko Fratley anakotokea. Ni mzima, ila kumbukumbu zake zote zimefutika, na anamtazama Freya kama mtu wa kupita tu. Freya hajapata hata nafasi ya kulia, Malkia Brahne wa Alexandria anamwita Odin, kiumbe wa maangamizi, na Cleyra inateketea. Watu wake, makimbilio yao na mapenzi yake, vyote vinamponyoka ndani ya saa chache za mchezo.

Halafu? Mchezo ule ulikuwa na diski 4, na haya yote yamemalizika kabla diski ya pili haijaisha. Kuanzia hapo Freya anafuata kikosi, anaruka na mkuki wake vitani, na mara mojamoja anatia neno la busara katika mazungumzo ya wengine. Mwisho kabisa mnatuonyesha kwa dakika chache yeye na Fratley wakiwa Burmecia, wanaanza upya. Walifikaje hapo? Alimwambia nini? Alimkasirikia? Mtu anampendaje tena yule aliyesahau kila walichowahi kuwa nacho, na yeye anakumbuka yote? Hiyo ndiyo hadithi niliyoingoja, na ndiyo mliyoiruka. Uchungu wake unazidi nikikumbuka kwamba kila shujaa wa mchezo ule mlimwandikia kauli yake, na kauli ya Freya inasema kusahauliwa ni kubaya kuliko kufa.

Beatrix naye hayuko mbali na kisa hiki. Huyu ni jenerali wa Alexandria, aliyeingia hadithini akijisifu kuwa amewahi kuua askari 100 peke yake, na yeye ndiye aliyeongoza mashambulizi dhidi ya watu wa Freya. Baadaye anatambua malkia wake amepotoka. Anageuka, anaungana nasi, na mnamweka bega kwa bega na Freya wazuie njia ili wenzao wapate kutoroka. Fikirini mlichokuwa nacho mkononi pale: aliyebomoa na aliyebomolewa wakilindana mgongo. Wanatupiana maneno machache, mapigano yanaanza, na suala lenyewe halirudi tena kwa uzito wake. Beatrix anaomba vipi msamaha kwa taifa zima? Freya anaweza kuutoa msamaha kwa niaba ya wafu? Mlifungua jeraha mbele ya macho yetu, kisha mkatuhamishia kwingine.

Sisemi kila mtu awe shujaa. Mhusika mdogo ana raha yake katika udogo wake, na mfululizo huu ungezama kama kila muuza duka angepewa saa 10 za kusimulia utoto wake. Ninachodai ni kimoja: mkishamfungulia mtu hadithi, mfuateni hadi mwisho wake. Uwe mwisho mfupi, hata wa sentensi 5, lakini uwepo.

Tena najua mnaweza, kwa sababu mmeshafanya. Mchukueni Edward wa Final Fantasy IV. Mwaka 1991 alikuwa mtu wa kuchekwa, mwana wa mfalme mwenye kinubi, anayejificha akizidiwa vitani. Wengi walimdharau na wanamdharau hadi leo. Lakini angalieni mlichomfanyia pale Troia: yuko kitandani, mgonjwa, hawezi kwenda popote, na bado anapiga kinubi chake, sauti inasafiri kupitia mmea aliowapa wenzake, na nguvu za adui yao, Dark Elf, zinavunjika. Sijaona njia bora zaidi ya kumheshimu mhusika dhaifu. Hamkumpa misuli wala upanga. Mliuacha udhaifu wake palepale, mkakitumia kitu alichokuwa nacho tangu mwanzo. Toleo la Game Boy Advance la mwaka 2005 likaturuhusu kumrudisha yeye, Yang, Cid na wale pacha, Palom na Porom, katika kikosi cha mwisho. Mwaka 2008 mkaenda mbali zaidi, mkatoa mwendelezo kwa ajili ya simu huko Japani, na wahusika wengi wa zamani wakapewa kila mmoja sura yake. Unaweza kulalamika kwamba mwendelezo ule ulirudia mapango yaleyale, na ni kweli. Ila Edward akawa mfalme anayeijenga upya nchi yake, na mimi nilifurahi kumwona.

Zack Fair naye. Mwaka 1997 kijana huyu alikuwa kivuli katika Final Fantasy VII. Kifo chake kiliwekwa kwenye tukio la siri ambalo watu wengi walimaliza mchezo bila kuliona. Mwaka 2007 mkampa mchezo wake mwenyewe, na leo kuna watu wanaompenda Zack kuliko wanavyompenda Cloud, shujaa mkuu wa mchezo ule. Alikuwa na kitu gani ambacho Freya hana? Alipata muda tu.

Na Jessie! Hapa nataka niwapongeze bila kusitasita. Katika mchezo wa 1997, Jessie, Biggs na Wedge walikuwa watu 3 wa kuanzishia hadithi. Wanacheka, wanalipua mtambo, wanakufa kwenye nguzo ya Sekta 7, na safari inaendelea. Mlipokiunda upya kisa hicho mwaka 2020, mlitupeleka nyumbani kwa wazazi wa Jessie. Tukamkuta mama yake akipika. Tukaambiwa Jessie aliwahi kuwa mwigizaji. Tukamwona baba yake amelala, mako, nishati ya mitambo ile, imemharibu, haamki, na ghafla tukaelewa kwa nini msichana huyu mcheshi anatengeneza mabomu. Nguzo ilipoanguka safari hii, haikumwangukia mtu wa kuanzishia hadithi. Hakuna bosi katika mchezo ule, hata mkubwa kiasi gani, aliyenigusa kama chumba kile cha baba yake Jessie. Chumba kimoja tu, na mtu amelala.

Basi kwa nini hali ya kawaida inabaki kuwa ile ya Ravus?

Ravus Nox Fleuret wa Final Fantasy XV, kaka yake Lunafreya. Nchi yake imetekwa, mkono wake umepotea, anatumikia dola iliyoiangamiza familia yake, na wakati huohuo moyo wake uko kwa dada yake. Angeweza kuwa roho ya mchezo mzima. Badala yake tunamwona kwa vipande vipande, kisha anauawa mbali na macho yetu, tunaikuta maiti yake, na tunalazimika kupigana nayo ikiwa imeshageuzwa zimwi. Ilibidi tusubiri hadi Desemba 2017, katika sura ya nyongeza ya Ignis, ndipo tukaenda naye sambamba, tukamsikia akizungumza kama mtu, tukaona alivyoumia. Sura ile ni fupi, inamalizika kwa saa chache, lakini inampa Ravus zaidi ya mchezo mkubwa ulivyompa. Halafu Novemba 2018 mkatangaza kwamba sura zilizopangwa za Aranea, Lunafreya na Noctis zimefutwa. Ile ya Ardyn peke yake ndiyo iliyonusurika. Hadithi za wengine zikaishia kuchapwa katika riwaya. Lunafreya ni mwanamke ambaye dunia nzima ya mchezo ule inamtegemea, na hatukuwahi kutembea naye hatua moja katika mchezo wenyewe. Nimeisamehe Final Fantasy XV mambo mengi. Hili bado.

Sasa nije kwa Jenerali Leo, maana najua mmechoka kuulizwa habari zake. Tangu 1994 wachezaji wamezungushiana tetesi za namna ya kumfufua, wengine wakapoteza muda mwingi wakizifuata. Mimi siwaombi mmfufue. Kifo cha Leo pale Thamasa ni mojawapo ya mambo bora katika Final Fantasy VI, na kumrudisha kungeharibu. Mtu mwema ndani ya jeshi ovu, aliyeuzingira mji wa Doma akijaribu kupunguza vifo, kisha akaitwa makao makuu, na Kefka, mwovu wa mchezo ule, akautia sumu mto mara tu Leo alipogeuza mgongo. Cyan, shujaa wa Doma, akampoteza mke na mtoto siku ile. Na baadaye, usiku, melini, Leo anamwambia shujaa Terra kwamba alijua dola inamtumia Terra kama silaha na yeye Leo hakufanya lolote, kwa hiyo hana tofauti na Kefka. Ni mistari michache sana ya maandishi, na ndani yake mna jambo ambalo michezo mingi haithubutu hata kuligusa: dhambi ya mtu mwema aliyenyamaza.

Swali langu ni nini kilifuata baada yake. Askari wake walimpenda. Walifanya nini walipojua nani kamuua? Celes alikuwa jenerali katika dola ileile, akamkimbia mfalme yuleyule ambaye Leo aliendelea kumtumikia. Walionanaje watu hawa wawili? Celes alipoasi, Leo alimwona msaliti, au alimwonea wivu kwa ujasiri ambao yeye hakuwa nao? Nusu ya pili ya Final Fantasy VI imejengwa yote juu ya watu waliopoteza kitu na kutafuta sababu ya kuendelea kuishi, na mna wahusika 14 wa kudumu wa kuwabeba katika nusu hiyo. Sauti ya Leo ingeweza kusikika ndani yake kupitia walio hai. Hakuna haja ya kuligusa kaburi.

Mnaweza kujibu kwamba ile ilikuwa katriji ya megabaiti 3, na mtajibu kweli. Kila mstari ulilipiwa kwa nafasi. Lakini mchezo wa 2020 ulikuja kwa diski 2, na wa 2024 vilevile. Nafasi si kikwazo tena. Kikwazo cha sasa nakijua: zamani tukio dogo lilihitaji picha ndogo na maandishi, na leo linahitaji mwigizaji wa sauti kwa kila lugha, uso unaosogea, kamera, mwanga, na timu nzima ya watu wa kulikagua. Mhusika mdogo amekuwa ghali. Ndiyo maana anakatwa wa kwanza ratiba inapobana.

Mimi nawaambia njia za bei nafuu mnazo ninyi wenyewe, mlizibuni na baadhi mkaziweka kabatini. Final Fantasy IX ilikuwa na Active Time Event: unabonyeza kitufe, unaona wenzako wanafanya nini mtaa mwingine wakati huohuo. Vivi, mchawi mdogo, anashangaa mji, askari Steiner anahangaika, mtu fulani anakula, mtu fulani anawaza. Hayakuwa matukio makubwa. Lakini yalitufundisha kwamba dunia haisimami mchezaji anapogeuka, na kwamba watu wana maisha hata wasipotazamwa na shujaa. Kijiji cha viumbe kama Vivi, wale waliotengenezwa kwa ukungu watumike kama silaha na wanaosimama wakafa baada ya muda mfupi tu, kiliniingia moyoni kwa mambo ya namna hiyo hiyo: wawili miongoni mwao wanalihangaikia yai la chokobo, ndege mkubwa wa kupandwa, linaanguliwa, wanampa kifaranga jina, Bobby Corwen. Hawa ni watu wasio na majina ya kwao wenyewe, wanaitana kwa namba. Na bado kifaranga walimpa jina. Ilihitaji bajeti gani kuandika hilo?

Final Fantasy XVI nayo, mwaka 2023, ilifanya jambo la kimyakimya ambalo sikuona likisifiwa vya kutosha. Chumbani kwa shujaa Clive zinaletwa barua. Unawasaidia watu wa maficho, na baadaye unakuta wamekuandikia. Kumbukumbu za safari zinatundikwa ukutani. Barua haihitaji kamera wala mwigizaji. Inahitaji mwandishi anayemjua mtu anayeiandika. Freya angekuwa ameandika barua 1 tu kutoka Burmecia nisingekuwa ninaandika hii.

Wala si lazima yawe maandishi marefu. Katika Final Fantasy X, kabla ya operesheni ya Mi'ihen, kijana Gatta anakulalamikia kwamba wamemwachia kazi ya ulinzi wakati wenzake wanakwenda kupigana na Sin, zimwi linaloitesa dunia yao. Unamjibu. Ukimtia moyo aende vitani, anakufa, na mwenzake Luzzu anabaki. Ukimwambia atii amri, anabaki yeye, na Luzzu ndiye anayekufa. Hakuna onyo, na wengi hawakujua kwamba maneno yao yaliamua. Luzzu huyuhuyu ndiye aliyekiri mbele ya Wakka kwamba yeye alimshawishi Chappu, mdogo wake Wakka, ajiunge na jeshi, na Chappu hakurudi. Kwa hiyo wewe mchezaji, ukimpeleka Gatta kifoni kwa neno lako la kishujaa, umerudia kosa la Luzzu. Wahusika 2 wa kijiji, mistari michache, na mmezungumza kuhusu vita kwa uzito kuliko hotuba nyingi za wafalme wenu. Huo ndio ufundi ninaoutaka urudi.

Lipo jambo la pili, na hili linanikasirisha kwa dhati. Wahusika wadogo wakipata nafasi siku hizi, mara nyingi wanapewa katika michezo ya simu isiyodumu. Dissidia Final Fantasy Opera Omnia iliwakusanya watu wa mfululizo mzima, na haikuwasahau wa pembeni. Beatrix alikuwemo. Leo alikuwemo. Aranea alikuwemo. Waandishi wake walikaa chini wakawaza watu hawa wangesemezana nini, na kuna waliofarijika humo baada ya kusubiri miaka mingi. Tarehe 29 Februari 2024 seva zikazimwa, na mchezo ukaondoka na mazungumzo hayo yote. Siku hiyohiyo mlizindua Final Fantasy VII Rebirth. Ninaipenda Rebirth. Lakini siku moja, kampuni moja, mkafungua dunia ya mashujaa na mkaifunga nyingine ambamo wadogo walikuwa wameanza kusikika.

Ninaelewa kwamba huduma ya mtandaoni ina gharama na haiwezi kuendeshwa milele. Basi toeni toleo lisilotegemea seva. Ondoeni bahati nasibu na ununuzi, bakizeni hadithi na mapigano, muuze kama mchezo wa kawaida. Na hilo likiwa zito, chapeni mazungumzo yote na matukio yake mahali rasmi, kwa lugha zote yaliyokuwa nazo. Waandishi walioyaandika wanastahili kazi yao isomwe. Na kuanzia sasa, msiweke mwisho wa hadithi ya mtu yeyote ndani ya kitu mnachojua kitazimwa.

Jambo la tatu ni matoleo mnayoyaunda upya. Kila mnapokirefusha kisa cha zamani mnapata saa nyingi mpya za kujaza, na hapo ndipo uamuzi unapofanyika. Mnaweza kuwaleta wageni, kama mlivyomleta Roche na pikipiki yake, au mnaweza kuwarudia wale ambao tayari wamo na wamesubiri. Roche simchukii. Ila kwa kila dakika aliyopewa yeye namfikiria mtu wa zamani ambaye angeitumia vizuri zaidi. Mwenyeji kwanza, tafadhali. Na siku mtakapoigusa Final Fantasy IX au VI, yaliyomo katika barua hii yawe mezani kwenu kabla hamjaanza kuchora wageni.

Kwa sasa iliyo karibu ni sehemu ya tatu ya Final Fantasy VII, na ombi langu kuhusu hiyo ni mahususi. Ninamwombea Elmyra, mama aliyemlea Aerith, mmoja wa mashujaa wa mchezo ule.

Huyu ni mwanamke aliyekuwa akienda stesheni kumngoja mumewe arudi kutoka vitani. Mume hakurudi. Hapo stesheni akamkuta mama anayekufa na mtoto mdogo, akamchukua mtoto, akamlea kama wake. Mtoto yule ndiye aliyemwambia kwamba mumewe amefariki, kabla barua rasmi haijafika. Sasa na mtoto huyo hayupo duniani. Yuko mtu lazima aende kumwambia Elmyra, na safari hii hakuna Aerith wa kumtayarisha. Mwacheni Barret aende, maana yeye ni mzazi, na binti yake Marlene alihifadhiwa na mama huyu. Au aende Tifa. Au Cloud, kama ana nguvu za kusimama mlangoni. Mtakayemchagua, msituambie habari hiyo kwa kupita, kwa simu au kwa mdomo wa mtu mwingine. Tuingizeni ndani ya nyumba ile, na mumpe Elmyra muda wa kusema yote aliyo nayo.

Wenu,
Mchezaji wa Final Fantasy